Motokaa Mpya na Fedha Inayokwenda Humo

Katika darasa letu la baada ya Isha kumeletwa suala ambalo kwa dhahiri yake si la kitabu, nami nimeona lastahili kujibiwa kwa maandishi, kwani mwenye kuuliza si mmoja. Wako wengi nyuma yake walionyamaza. Muulizaji amepata fungu lake katika nyumba ya urithi ya Mji wa Kale; warithi wamekubaliana kuuza, na fedha imo mkononi. Ataka kununua motokaa. Nduguze wamwambia anunue mpya, itokayo dukani na harufu yake, asiwe mtu wa kupanda gari lililokwisha kukaliwa na wengine. Mwanawe ataka yenye injini ya nguvu. Yeye auliza mambo mawili kwa kauli moja: je, ni halali, na je, yafaa?

La halali jawabu lake ni fupi. Motokaa ni mali kama mali nyingine, na asili ya vitu ni ruhusa. Mtu ambaye fedha yake ni safi, amekwisha kutoa zaka, amelipa madeni, na walio juu yake wameshiba na kuvaa, akinunua gari la bei kubwa hatuna hoja ya kumwambia kwamba ametenda haramu. Lakini kuwa kitu ni halali si sawa na kuwa kitu kina akili. Samli ni halali, na mwenye kunywa kibaba kizima ataugua.

La pili ndilo lenye kazi. Maulamaa wa usuli, kama Ghazali aliyefariki mwaka 1111, na baada yake Shatibi aliyefariki mwaka 1388, waliyagawa maslaha ya watu mafungu matatu: dharura, ambayo bila hiyo maisha huharibika, haja, ambayo bila hiyo maisha huwa na uzito, na pambo, ambalo bila hilo hapana lipungualo ila uzuri. Watu hudhani kwamba motokaa nzima imo katika fungu moja, ama haja ama pambo. Sivyo. Motokaa moja imebeba mafungu yote matatu, na bei yake ni jumla ya bei tatu zilizochanganywa. Breki ni dharura. Kumfikisha mama mzee hospitali usiku wa mvua ni haja. Nguvu za farasi 300 ni pambo. Mnunuzi mwenye busara ni yule ajuaye ni shilingi ngapi zaenda katika kila fungu kabla hajazitoa, na hayo ndiyo nitakayo kuyaeleza hapa.

Tuanze na upya. Siku mtu anapoitoa motokaa dukani, akaiandikisha kwa jina lake na kuitia nambari, imekwisha kuwa kuukuu. Haijakwenda safari moja ya maana, na hali mnunuzi wa pili hatatoa bei ile ile, kwa sababu yule wa kwanza amelipia kitu kisichouzika tena, nacho ni kule kuwa wa kwanza. Katika nchi ambazo biashara hii imeandikwa na kuhesabiwa kwa miaka mingi, kama Uingereza na Marekani, hukadiriwa kwamba gari la kawaida hupoteza kiasi cha khumusi ya bei yake katika mwaka wa kwanza, na lifikapo mwaka wa tano huwa limepoteza nusu au zaidi. Tufanye hesabu kwa mfano. Motokaa ya shilingi 3,000,000, khumusi yake ni 600,000. Zigawe kwa siku 365, utapata shilingi 1,643 kwa kila siku. Hiyo si petroli, wala si bima, wala si ujira wa fundi. Ni fedha inayotoka gari likiwa limesimama, limefunikwa turubali, na mwenyewe yu kitandani.

Sasa twaa gari la namna ile ile lililotumika miaka sita au saba, ulilolipata kwa shilingi 1,200,000. Hata tukisema lapoteza sehemu ya kumi kwa mwaka, ni 120,000, yaani shilingi 328 kwa siku. Magari haya mawili hupita barabara moja, na hukaa katika msongamano mmoja pale Mwembe Tayari. Ile tafauti ya shilingi 1,300 kila kukicha mwenye gari jipya huilipia nini? Hulipia plastiki iliyofunika viti, ambayo watoto wataichana kabla ya Idi.

Watu huuliza: kama gari ni zima, kwa nini Mjapani aliuze? Hudhani kwamba hapana auzaye ila kibovu. Sababu yake imo katika sheria zao. Huko Japani kila motokaa ya mtu hulazimika kukaguliwa na serikali. Mpya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. Ukaguzi huo waitwa shaken, na pamoja nao huja kodi na bima ya lazima, hata jumla yake ikawa nzito. Mwenye gari afikapo zamu hiyo mara ya pili au ya tatu, wengi huona ni heri kuliuza wakachukua jingine. Gari hupelekwa mnadani, likaandikiwa cheti cha hali yake, likanunuliwa na wafanya biashara. Na kwa kuwa Wajapani nao huendesha mkono wa kushoto na usukani wao uko kulia kama wetu, njia ya gari hilo ikawa ni ya moja kwa moja mpaka Kilindini. Kwa ufupi, Mjapani ndiye aliyelipia ule upya. Wewe wakuta kilichobakia, nacho ni kingi.

Kwa hivyo aibu ya kusema "hili ni gari la mtumba" haina mahali. Magari mengi zaidi yanayoandikishwa Kenya ni hayo hayo. Na serikali nayo imeweka mpaka: halipokewi gari lililopita miaka minane tangu kuandikishwa mara ya kwanza. Ulipoingia mwaka 2025, lililoandikishwa kabla ya Januari 2018 lilikataliwa bandarini. Basi hata "kuukuu" letu lina kikomo.

Kuna jambo jingine katika bei ambalo mnunuzi hulisahau, nalo ni ushuru. Tangu Julai 2023 ushuru wa forodha wa magari yaingiayo Kenya ni 35 katika mia. Juu ya hapo huja ushuru wa bidhaa ambao, kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, ni 20 katika mia kwa injini isiyozidi cc 1500, na 25 kwa iliyozidi hapo, na hufika 35 kwa zile injini kubwa kabisa, za petroli zipitazo cc 3000 na za dizeli zipitazo 2500. Kisha huja kodi ya thamani, 16 katika mia. Nazo hazihesabiwi kila moja peke yake juu ya bei ya asili; kila moja hupanda juu ya mgongo wa mwenziwe. Tazama: gari lililothaminiwa 1,000,000 forodhani, la injini ya kati, hutozwa 350,000, kisha robo ya 1,350,000, ambayo ni 337,500, kisha 16 katika mia ya 1,687,500, ambayo ni 270,000. Jumla ni 957,500, mbali na ada ndogo ndogo. Yaani ulinunua gari moja ukalipia mawili. La injini kubwa kabisa, kwa thamani ile ile, hutozwa 1,114,100, hata kodi ikawa kubwa kuliko gari. Na kwa kuwa forodha hupunguza thamani ya gari kwa kadiri ya umri wake, jipya hutozwa juu ya thamani yake kamili, na la miaka saba hutozwa juu ya mabaki. Basi upya hulipiwa mara mbili, kwa muuzaji na kwa serikali.

Sasa nije kwenye nguvu, ambayo imewapumbaza vijana wetu zaidi kuliko upya.

Motokaa iliyowatia watu wa kawaida barabarani ulimwenguni ni Ford Model T, iliyotoka Marekani mwaka 1908. Ilikuwa na nguvu za farasi 20 tu, na kwa hizo ilikwenda kiasi cha kilomita 65 hadi 70 kwa saa. Mpaka mwaka 1927 zilikwisha kuundwa 15,000,000, na bei yake, iliyoanza kwa dola 850, ilishuka hata ikawa dola 260 mwaka 1925. Henry Ford hakutajirika kwa kuzidisha mbio za gari. Alitajirika kwa kuishusha bei mpaka mfanya kazi wake akaweza kulinunua.

Gari dogo la siku hizi, la cc 1300, lina nguvu za farasi kama 90. Kulipeleka kilomita 100 kwa saa katika barabara tambarare kwahitaji nguvu 15 mpaka 20 tu. Zilizobakia ni akiba ya kupanda mlima na ya kulipita lori, na akiba hiyo ni haja ya kweli, sikatai. Gari linaloshindwa kulipita lori huwa khatari. Lakini akiba ina mpaka wake, na baada ya mpaka huo huingia kanuni ambayo muuzaji hamtajii mnunuzi. Mvuvi wetu aijua kwa mkono wake. Kupiga kafi pole pole si kazi. Lakini akitaka mtumbwi uende mbio mara mbili, maji humshindania hata akatweta. Hewa hufanya vivyo hivyo mbele ya gari. Mwendo ukizidi mara mbili, upinzani wa hewa huzidi mara nne. Na kwa kuwa upinzani huo wa mara nne wapaswa kushindwa kwa mwendo wa mara mbili, nguvu inayotakiwa huwa ni mara nane. Kila kilomita ya juu ni ghali kuliko iliyo chini yake.

Ushahidi mzuri wa jambo hili watoka kwa Bugatti, kampuni iliyoko Ufaransa. Mwaka 2005 ilitoa gari liitwalo Veyron, lenye mitungi 16, rejeta 10, na tabo nne, yaani vyombo vya kuishindilia injini hewa. Nguvu zake zilikuwa 1,001, na lilifika kilomita 407 kwa saa. Mwaka 2010 wakataka lizidi hapo, wakalitia nguvu 1,200, likafika 431. Basi zile nguvu 199 zilizoongezwa, ambazo zingetosha magari madogo mawili kamili, zilinunua kilomita 24. Bei ya gari hilo ilipita Euro milioni moja, na kwa mwendo wake wa mwisho tangi lake la lita 100 lilikadiriwa kumalizika kwa dakika kama 12. Wahandisi wake ni watu wa kustahiwa, nao walijua watendalo: walikuwa wakitafuta mpaka wa uwezo. Ajabu ni mtu ambaye hatafuti mpaka wo wote, ila atafuta njia ya kwenda Kisauni.

Nitaambiwa kwamba hapa kwetu watu hawanunui Bugatti. Naam, lakini kanuni ni moja, na barabara zetu zamhukumu mwenye nguvu 300 kama zimhukumuvyo mwenye 1,000. Ndani ya mji sheria yatoa kilomita 50 kwa saa, na nje ya mji gari la mtu binafsi, hata katika barabara iliyo njema kabisa, halipewi zaidi ya 110. Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kilomita 480 hivi, na mwenye kukadiria safari hiyo si injini. Ni msururu wa malori uanzao kabla ya Mariakani. Na pale kivukoni Likoni gari la nguvu 300 na gari la nguvu 70 hupanda pantoni moja na hushuka kwa dakika moja.

Na nguvu hii isiyotumika haikai bure kama upanga ukutani. Yala kila siku. Chukua mtu aendaye kilomita 12,000 kwa mwaka. Gari dogo likienda kilomita 15 kwa lita, litatumia lita 800. Lenye injini kubwa ya tabo likienda kilomita 7 kwa lita, kama yalivyo mengi katika msongamano wa mji, litatumia lita 1,714. Ile ziada ya lita 914, kwa bei ya shilingi 180 kwa lita, ni shilingi 164,520. Na mwaka 2023 lita ilipita shilingi 200 hapa hapa Mombasa. Kisha ongeza matairi mapana yanayolika upesi, mafuta ya injini ambayo tabo haivumilii yakikawia kubadilishwa, bima ikadiriwayo kwa thamani ya gari, na fundi ambaye lazima awe na kompyuta ya gari lile, kwani yule wa chini ya mwembe hatalifungua.

Lililo kubwa kuliko fedha ni hili. Gari likienda 50 kwa saa juu ya lami kavu, breki njema hulisimamisha kwa mita kama 14. Likienda 100, si mita 28. Ni kama 55, mbali na zile mita 28 nyingine zinazopita katika sikunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki. Injini yenye nguvu haifupishi hata mita moja katika hizo. Yaifupishayo ni tairi, breki na hali ya barabara. Baba anayemnunulia mwanawe wa miaka 20 nguvu 300 za kukimbia, kisha akamwachia tairi zilizoliwa kwa kuwa mpya ni ghali, ameweka fedha yake yote upande mmoja wa mizani, na mtoto ameketi upande wa pili.

Insafu yataka niseme na upande wa gari lililo jipya zaidi. Si kila kipya ni pambo. Kuna chombo kinachohisi gari linapoanza kuteleza, kikazuia gurudumu moja moja mpaka likanyoka. Taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani ilipopima kazi yake ilikuta kwamba chapunguza kwa karibu nusu zile ajali za kuua zinazolipata gari moja peke yake, lililopinduka au kutoka njiani. Marekani walikilazimisha katika magari yote mapya ya mwaka 2012, na nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata mwaka 2014. Kwa hivyo mtu akiniambia ataacha gari la mwaka 2005 alipendalo, achukue la mwaka 2019 lenye chombo hiki, na aongeze fedha kwa ajili hiyo, namwambia ongeza. Hiyo ni dharura, si pambo. Lakini tazama kwamba hakumlazimu kununua jipya kwa kulipata. Litakuja Kilindini na umri wake wa miaka sita.

Wako pia ambao jipya lawafaa. Mwenye kampuni ya kubeba abiria au mizigo, ambaye siku moja ya gari kusimama ni khasara kubwa, hununua dhamana ya kampuni pamoja na gari, na gari lenyewe lamrudishia. Na mtu mwenye kukaa na gari moja miaka kumi na tano, akalihudumia kwa wakati, khasara ile ya mwaka wa kwanza huienezea miaka mingi hata ikawa nyepesi. Lakini wenye tabia hiyo ni wachache. Mwenye kupenda upya leo ataupenda tena baada ya miaka mitatu.

Nakuja kwenye namna ya kulipa, na hapa pana neno ambalo baadhi ya ndugu hawatalipenda. Wengi hawana fedha ya gari jipya. Wana fedha ya malipo ya kwanza, kisha huenda benki. Mkopo wa shilingi 2,000,000 kwa riba ya 16 katika mia kwa mwaka, ulipwao kwa miezi 48, malipo yake ni kiasi cha shilingi 56,700 kwa mwezi, na jumla yake hupita 2,720,000. Riba peke yake ni zaidi ya 720,000. Hukumu ya riba hakuna asiyeijua miongoni mwa wasomao kurasa hizi. Lakini wako wanaosema: sisi twaenda katika mabenki ya Kiislamu, yaliyoanza kazi Kenya mwaka 2008, tukauziwa kwa murabaha. Vyema. Murabaha, ikiwa benki yamiliki gari kwanza kikweli, kisha ikamuuzia kwa faida inayojulikana, ni biashara sahihi. Imemtoa katika dhambi. Haikumtoa katika khasara. Faida ya benki ni fedha vile vile, na gari lapungua thamani kwa kasi ile ile, halijui kwamba limenunuliwa kwa njia ya halali. Nimewaona watu waliochunguza mkataba herufi kwa herufi wasiingie katika riba, wala wasijiulize hata mara moja kama mshahara wao wa mwezi waliweza gari lenyewe. Na gari la deni likisimama kulipwa huchukuliwa, na yale malipo ya miaka miwili yakawa kama kodi ya kulipanda.

Na huyu muulizaji wetu hana haja ya mkopo, kwani fedha anayo. Kwake yeye khatari iko mahali pengine. Fungu la nyumba ni mali iliyokuwa ikizaa. Japo kodi yake ilikuwa ndogo na warithi walikuwa wengi, kila mwezi kilikuja kitu. Nyumba ya Mji wa Kale ikiisha kuuzwa hairudi. Mwenye kuinunua haiuzi kwa bei aliyoinunulia. Motokaa haizai, hula. Basi mwenye kugeuza nyumba nzima kuwa motokaa amebadilisha kinachomlisha kwa kinacholishwa. Rai yangu kwake ni kwamba aigawe fedha ile: sehemu kubwa airudishe katika ardhi au chumba cha kupangisha au bidhaa, hata kama ni nje ya kisiwa, na sehemu isiyozidi theluthi aitoe kwa gari la miaka sita au saba, la injini isiyopita cc 1500, la aina ambayo mafundi wa Mombasa wote wanaijua na vipuri vyake vyapatikana kila duka. Na akiba kidogo aiweke kando kwa ajili ya mwaka wa kwanza, kwani gari lililotoka safari huwa na lake la kurekebishwa.

Kununua kuukuu nako kuna elimu yake. Hewa yetu ina chumvi, nayo hulila bati kutokea chini mahali pasipoonekana. Kwa hivyo gari lililokwisha kukaa pwani miaka mingi litazamwe chini kabla ya kutazamwa rangi. Mkanda wa injini na mipira yote huzeeka kwa miaka hata kama gari halikutembea. Lile la petroli na umeme pamoja, betri yake kubwa ipimwe, kwani bei ya betri mpya yaweza kuimeza ile tafauti yote ya petroli.

Kuna na udanganyifu wa kuirudisha nyuma namba ya kilomita. Mafakihi wa Kishafii wana mlango wa mnyama wa maziwa aliyefungwa kiwele: mwenyewe humwacha siku mbili tatu asimkame, kiwele kikajaa, na mnunuzi akadhani kila siku ndivyo alivyo. Mnunuzi akiligundua hilo ana khiyari ya kumrudisha. Gari lililotembea kilomita 180,000 likaandikwa 60,000 ni kiwele kile kile, na wauzaji wetu, ambao wengine husali nasi safu ya kwanza, wafahamu kwamba mnunuzi ana haki ya kurudisha gari na kudai fedha yake. Cheti cha mnada cha Japani huandika kilomita za siku ile ya kuuzwa. Mnunuzi akitake, akilinganishe na saa ya gari, na kanyagio za breki zilizolika zitamwambia lililobakia.

Jambo la mwisho lawahusu watu wa pwani kuliko wengine. Kampuni ya Takata ya Japani iliunda mifuko ya hewa, ile inayofunguka usukanini wakati wa ajali, na mamilioni yake yakatiwa katika magari ya makampuni mengi. Baruti iliyomo ndani yake, iliyofanywa kwa naitreti ya amonia, huharibika kwa joto na unyevu wa miaka; na mfuko ukifunguka, kile chombo cha chuma hupasuka kikarusha vipande usoni mwa dereva. Watu wamekufa kwa hayo. Marekani peke yake iliita mifuko kama 67,000,000 irudishwe ibadilishwe, kurudishwa kukubwa kuliko kote katika historia ya magari ya nchi hiyo, na Juni 2017 Takata ikatangaza kufilisika. Joto na unyevu ndiyo hewa tunayoivuta. Basi kabla ya kutoa hata shilingi moja, mnunuzi aombe nambari ya chesisi, aipeleke kwa wakala wa kampuni iliyoliunda gari lile au aitazame katika orodha ambazo makampuni yamezitangaza, na ikiwa gari limo na mfuko wake haujabadilishwa, sharti la kununua liwe ni kubadilishwa kwanza.